Mifuko mingapi ya saruji inatosha? Mwongozo kamili wa kukadiria zege la kazi za nyumbani

Watu wengi wanauliza mifuko mingapi kabla ya wakati wake. Jamvi (zege la chini la sakafu) bado halijajulikana litakuwa na unene gani, fundi hajaulizwa atachanganya saruji, mchanga na kokoto kwa resho ipi, ardhi yenyewe ina mabonde, lakini mtu anataka namba aende nayo hardware. Fundi akibanwa anatoa namba kichwani, "leta 15 bosi, zikibaki utazitumia kwingine", na hiyo 15 imetoka kwenye kazi yake iliyopita ambayo ilikuwa na ukubwa mwingine kabisa. Matokeo yake ama unabaki na mifuko minne inayogeuka mawe stoo, ama zege linaisha saa nane mchana jamvi likiwa robo tatu na hardware ya karibu haina saruji. Yote mawili ni hela inapotea, na hilo la pili linaharibu na kazi yenyewe.

Hesabu yake siyo ngumu, inahitaji futi kamba na kalkuleta ya simu tu. Naongelea kazi ndogo ndogo: veranda, jamvi la chumba, nguzo za fensi, ngazi za mlangoni, mkanda (zege lenye nondo linalozunguka juu ya kuta) wa nyumba ya kawaida, sehemu ya kuegesha gari. Slabu ya ghorofa usiiguse kwa mwongozo huu, hiyo mtafute injinia aikokotoe nondo na zege lake, hapo siyo swala la mifuko tena ni maisha ya watu.

Huku kwetu zege la nyumbani tunachanganya wenyewe, saruji ya mfuko wa kilo 50, mchanga, kokoto na maji. Kwa hiyo ukisema mifuko unaongelea saruji peke yake, na ndio maana resho inabadilisha kila kitu.

Kwanza pima, na upime kwa mita

Unahitaji vipimo vitatu, urefu, upana na unene, vyote viwe kwenye mita. Sentimita 10 ni mita 0.1, sentimita 15 ni 0.15, usichanganye hapo maana ukikosea nukta moja unaagiza mara kumi. Zidisha vyote vitatu unapata mita za ujazo, mafundi wengi wanaita kyubiki.

Veranda ya mita 4 kwa mita 3 yenye unene wa sentimita 10:

4 × 3 × 0.1 = kyubiki 1.2

Kama umezoea futi na inchi, zidisha urefu wa futi kwa upana wa futi kwa unene wa inchi, gawanya kwa 12, halafu gawanya kwa 35.3, unapata kyubiki mita moja kwa moja. Chumba cha futi 12 kwa 10 chenye jamvi la inchi 4 kinatoka 12 × 10 × 4 ÷ 12 = 40, ukigawanya kwa 35.3 unapata kama 1.13.

Eneo likiwa na kona kona, herufi L au T, ligawe vipande vya mstatili, kila kipande kipige peke yake kisha ujumlishe. Na jamvi la ndani pima kutoka ukuta hadi ukuta kwa ndani, usichukue vipimo vya nje kwenye ramani, ukuta wa tofali la inchi 6 kila upande unakuongezea sentimita 30 ambazo hazipo.

Unene ndio unaokula mifuko

Hapa ndipo naomba utulie kidogo. Urefu na upana watu wanapima vizuri, unene wanakisia, na unene ndio wenye hela. Ile veranda ya 4 kwa 3 ikitoka sentimita 10 ikawa 13 kwa sababu tu ardhi haikusawazishwa, unaongeza kyubiki 0.36, hiyo ni zaidi ya mifuko miwili ya saruji, na hakuna mtu atakayeiona kwa macho, imezama chini huko kwenye mabonde.

Kwa njia ya kupita watu sentimita 7.5 mpaka 10 inatosha. Jamvi la chumba au veranda weka 10. Sehemu ya kuegesha gari dogo nenda 12.5 mpaka 15 na uweke wavu wa BRC (wavu wa nondo nyembamba), usidanganywe kwamba 10 itabeba gari kila siku bila kupasuka.

Kabla hujapiga hesabu ya mwisho shindilia kifusi au mawe vizuri, kisha funga kamba kutoka mbao ya kuzuia zege ya upande mmoja hadi ya upande wa pili kwenye usawa wa juu wa zege, na upime kutoka kwenye kamba kwenda chini sehemu nyingi, katikati, kwenye kona, karibu na ukuta. Andika zote, jumlisha, gawanya kwa idadi, huo wastani ndio unene wako wa kweli. Ukikuta wastani ni 12 wakati ulitaka 10, una njia mbili, uongeze kifusi ushindilie tena au ukubali kununua saruji zaidi, na mimi siku zote naona kifusi ni bei rahisi kuliko saruji. Ukimaliza tandika nailoni kama ni jamvi la ndani, au kama ni nje mwagia maji ardhi iwe na unyevu ili isinyonye maji ya zege.

Kubaliana na fundi resho kabla ya kununua chochote

Resho ni kiasi cha saruji kwa mchanga kwa kokoto, kwa ujazo siyo kwa uzito. Hizi tatu zinatosha kwa kazi za nyumbani, na hapa naweka mahitaji ya kyubiki moja ya zege likiwa tayari limemwagwa:

1:3:6 – saruji mifuko 4.4, mchanga kyubiki 0.46, kokoto kyubiki 0.92. Hii ni ya zege la kusawazishia chini ya msingi, kujaza, kushikia nguzo nyepesi za fensi.

1:2:4 – saruji mifuko 6.3, mchanga 0.44, kokoto 0.88. Ndio ya jamvi, veranda, ngazi za nje, na ndio inayotumika sana mtaani kwenye mkanda pia.

1:1.5:3 – saruji mifuko 8.1, mchanga 0.42, kokoto 0.84. Nguzo za kubeba, mihimili, lenta ndefu (zege la juu ya mlango au dirisha), sehemu yoyote yenye nondo inayobeba mzigo wa maana.

Utajiuliza mbona mchanga na kokoto zikijumlishwa zinapita kyubiki moja. Vitu vikavu vikichanganywa vinapungua, mchanga unaingia kwenye nafasi za kokoto, saruji inaingia kwenye nafasi za mchanga, maji yanavibana vyote. Kupata kyubiki moja ya zege unahitaji kama kyubiki 1.54 za vitu vikavu. Namba hizo za juu zimetoka hapo: unachukua 1.54, unagawanya kwa jumla ya resho (1+2+4 ni 7), unapata 0.22 ya saruji, na mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35 yaani 0.035, ukigawanya inakuja mifuko 6.3. Ukishaelewa hivyo fundi akikuletea resho nyingine yoyote unaweza kuipiga mwenyewe.

Sasa piga hesabu

Turudi kwenye veranda. Kyubiki 1.2, ongeza asilimia 10 ya kupotea, maana unachanganya kwa koleo, zege lingine linabaki kwenye toroli, lingine linadondoka njiani, mbao nazo zinatanuka kidogo. Inakuwa 1.32.

Saruji: 1.32 × 6.3 = 8.3, unanunua 9. Siku zote panda juu, hakuna anayeuza theluthi ya mfuko.
Mchanga: 1.32 × 0.44 = kyubiki 0.58
Kokoto: 1.32 × 0.88 = kyubiki 1.16

Kile chumba cha futi 12 kwa 10 kwa njia hiyo hiyo kinatoka 1.13 × 1.1 × 6.3, yaani 7.8, mifuko 8.

Kama zege linaingia moja kwa moja kwenye shimo la udongo bila mbao, usiweke asilimia 10 weka 15, shimo halichimbwi likanyooka hata siku moja.

Nguzo, ngazi na mkanda

Nguzo za fensi watu wanapenda kukisia "mfuko mmoja nguzo tatu". Usikisie. Shimo la sentimita 30 kwa 30 kwenda chini 60 ni 0.3 × 0.3 × 0.6 = 0.054. Toa nguzo yenyewe iliyo ndani, ikiwa ya sentimita 10 kwa 10 inachukua 0.006, inabaki 0.048. Nguzo 12 ni 0.576, weka asilimia 15 inakuwa 0.66. Kwa resho ya 1:3:6 ni mifuko 2.9, yaani 3 bila ziada ya maana, kwa hiyo chukua 4 kama wachimbaji ni wawili na kila mmoja anachimba anavyojua. Nguzo za geti usiziweke kwenye hesabu hiyo, zile zinavutwa kila geti linapofunguliwa, zipigie 1:2:4 peke yake na shimo liwe kubwa zaidi.

Shimo likiwa la duara chukua kipenyo mara kipenyo mara kina, kisha zidisha kwa 0.785. Kipenyo cha sentimita 30 na kina cha 60 inatoka 0.042.

Ngazi za kupanda verandani zinawasumbua watu bure. Chukua kwamba kila ngazi ni boksi lililokaa juu ya lenzake. Ngazi tatu, kila moja inapanda sentimita 15, pa kukanyaga 30, upana mita 1.2. Boksi moja ni 1.2 × 0.3 × 0.15 = 0.054. Ngazi ya kwanza ina boksi moja kwenda juu, ya pili mawili, ya tatu matatu, jumla maboksi 6, yaani 0.324. Na asilimia 10 yake kwa 1:2:4 ni mifuko 2.2, nunua 3. Ukijaza mawe katikati zege linapungua, lakini acha angalau sentimita 10 za zege pande zote.

Mkanda ni urefu wote wa kuta zinazopitiwa, za nje na za ndani, mara upana wa tofali mara kimo cha mkanda. Tuseme kuta jumla mita 42, upana 0.15, kimo 0.2, unapata 1.26, na asilimia 10 ni 1.39. Kwa 1:2:4 ni mifuko 9, kwa 1:1.5:3 ni mifuko 12. Tofauti ni mifuko mitatu, na juu ya madirisha mapana na milango mikubwa mimi ningeitoa hiyo hela bila kufikiria mara mbili. Nondo usizitoe kwenye hesabu, ujazo wake ni mdogo mno.

Kitu kinachosahaulika: sakafu ya juu

Jamvi likishakauka bado kuna sakafu ya kumalizia na niru (uji wa saruji wa kulainisha juu), na hizo saruji zake hazimo kwenye hesabu ya zege. Veranda ile ile ya mita 12 za mraba ukipiga sakafu ya sentimita 2.5 ni kyubiki 0.3. Hapa hakuna kokoto, ni saruji na mchanga 1:4, na kitu kikavu kinapungua kama robo, kwa hiyo unazidisha 0.3 kwa 1.33, unagawanya kwa 5, unagawanya kwa 0.035, unapata mifuko 2.3. Nunua 3, hiyo inayobaki ndio ya niru. Ila usiinunue siku moja na saruji ya zege kama sakafu utaipiga baada ya mwezi.

Kutoka kwenye kyubiki kwenda kwenye ndoo

Saidia fundi hapimi kwa kyubiki anapima kwa ndoo au toroli, na hapa ndipo resho nzuri ya kwenye karatasi inapokufa. Ndoo ya lita 20 ikijazwa na kusawazishwa juu, kwa kila mfuko mmoja wa saruji:

1:2:4 – mchanga ndoo 3 na nusu, kokoto ndoo 7
1:3:6 – mchanga ndoo 5 na robo, kokoto ndoo 10 na nusu
1:1.5:3 – mchanga ndoo 2 na nusu na kidogo, kokoto ndoo 5 na robo

Toroli zinatofautiana, nyingi zikisawazishwa zinachukua lita 60 na kitu, lakini usiamini, mimina ndoo kwenye toroli lako uhesabu zinaingia ngapi, weka alama. Na likisemwa toroli moja liwe la kusawazishwa siyo la kilima, kilima kile kinaweza kukuongezea theluthi nzima.

Mchanga wenye unyevu unavimba. Ukiulowesha kidogo tu ujazo wake unaweza kuongezeka robo, kwa hiyo ndoo yako inakuwa na mchanga pungufu kuliko unavyodhani. Mvua ikiwa imepiga lundo, ongeza kama nusu ndoo kwa mfuko kwenye 1:2:4 na upunguze maji.

Maji ni kama lita 25 kwa mfuko, ndoo moja na robo. Mchanganyaji atataka kuongeza kwa sababu zege jepesi linasukumika bila kuchosha mikono, mkatalie. Maji yakizidi yanaacha matundu yakikauka na zege linakuwa dhaifu hata kama mifuko ilikuwa sahihi kabisa, ni sawa na kuitupa ile saruji uliyolipia.

Na watu wa pwani, mchanga wa baharini usiutumie kwenye zege lenye nondo. Chumvi inakula nondo taratibu, inavimba, zege linapasuka kutoka ndani.

Ukienda kununua

Soma kwenye mfuko, kuna 32.5 na kuna 42.5. Hiyo ni nguvu ya saruji, siyo uzito. Kwa jamvi la kawaida, kujenga na plasta 32.5 inafanya kazi vizuri, kwa nguzo, mihimili na mkanda chukua 42.5. Iwe Twiga, Simba, Dangote, Tembo au Bamburi kwa wenzetu wa Kenya, angalia daraja kwanza jina baadaye.

Bonyeza mfuko kwenye kona, ukisikia mabonge yasiyovunjika kwa vidole mrudishie. Angalia na mshono kama umefunguliwa ukafungwa tena, hesabu yetu yote imesimama kwenye kilo 50 kamili.

Mchanga na kokoto vinauzwa kwa tripu, na neno tripu halina kipimo. Pima bodi la gari mwenyewe, urefu mara upana mara kimo cha mzigo. Bodi la mita 4 kwa 2 likijaa hadi sentimita 60 ni kyubiki 4.8, hiyo kwa veranda yetu ni mara nane ya mchanga unaohitaji. Kazi ndogo tafuta kirikuu (pikapu ndogo), ila kumbuka kyubiki ya mchanga ina uzito wa tani 1.5 na zaidi, kwa hiyo nusu kyubiki na kidogo atabeba kwa awamu mbili, usimlazimishe awamu moja.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani hesabu ni nyingine kidogo, kule mfuko wa zege unakuja na saruji, mchanga na kokoto ndani, unaongeza maji tu. Mfuko wa paundi 80 unatoa futi za ujazo 0.6, wa paundi 60 unatoa 0.45. Kwa hiyo unatafuta futi za ujazo za kazi yako, unaongeza asilimia 10, unagawanya kwa 0.6. Chumba kile cha futi 40 za ujazo kinahitaji mifuko 74 ya paundi 80. Ukiona imefika hapo, agiza zege linaloletwa na gari likiwa limeshachanganywa, mgongo wako utakushukuru. Mifuko ile ni ya nguzo chache na vijamvi vidogo.

Siku ya kumwaga, kagua hesabu ikiwa kazini

Mfuko mmoja wa 1:2:4 unatoa zege karibu lita 158. Kwenye unene wa sentimita 10 hiyo ni mita za mraba 1.5 na kidogo. Kwa hiyo mifuko minne ikishaisha, kwenye veranda ya mita 12 za mraba unatakiwa uone karibu nusu imefunikwa. Simama hapo upime. Ukikuta zimefunikwa mita 4 tu, basi unene umezidi au ndoo za mchanga na kokoto zinapungua, tuma mtu hardware sasa hivi usisubiri mfuko wa mwisho. Ukikuta zimefika mita 8, usifurahi, maana yake jamvi ni jembamba au kokoto na mchanga vinazidishwa, chomeka kijiti kwenye zege bichi sehemu kadhaa uone kina, na usimame pale wanapochanganya uhesabu ndoo mwenyewe.

Ikitokea saruji imekwisha kabla jamvi halijakamilika, usiache zege limeteleza mteremko mwembamba. Weka ubao umesimama wima, sukuma zege lijae mpaka kwenye ubao kwa unene wake kamili, shindilia, acha hapo. Kesho yake toa ubao, kwaruza ule uso uwe na makovu, safisha vumbi, mwagia maji, paka uji mzito wa saruji halafu endelea na zege jipya kabla uji haujakauka. Wakati huo sehemu ya jana iwe inamwagiliwa, asubuhi na jioni, siku 7 angalau, na jua la Dar au Mombasa lifunike kwa nailoni au magunia mabichi. Mfuko ukibaki haujafunguliwa uweke juu ya mbao, mbali na ukuta, ufunikwe nailoni, na uutumie ndani ya miezi mitatu.